Asubuhi Utaliweka Wapi?

Mtu akiniambia anataka kulala chini "kama Wajapani" ili mgongo unyooke, humuuliza swali moja: asubuhi hilo godoro utaliweka wapi? Wengi hubaki kimya. Wananunua godoro jembamba, wanalibwaga kwenye vigae, na wakija kuligeuza wanakuta upande wa chini umeota ukungu. Lawama anapewa Mjapani.

Futoni ya Kijapani ina sehemu mbili: shikibuton, godoro la pamba la kulalia, na kakebuton, mfarishi wa kujifunika. Usiku hutandikwa juu ya tatami. Hiyo ni mikeka ya unene wa sentimita 5 hivi; ya asili ina mabua ya mpunga ndani na majani ya igusa yaliyofumwa juu, kwa hiyo inabonyea na kunyonya unyevu. Vigae havifanyi hivyo. Asubuhi futoni hukunjwa na kuingizwa oshiire, kabati la ukutani lenye kina cha karibu sentimita 90, na chumba cha kulala kinageuka sebule.

Kwangu mimi akili yote iko hapo, kwenye nafasi. Habari za mgongo sizitilii maanani sana: wapo wanaoamka wepesi, wapo wanaoamka wamekakamaa, na mwenye magoti mabovu atajuta. Lakini chumba kimoja kinatosha familia nzima! Baba, mama na mtoto katikati wakilala hivyo, Wajapani husema wamelala kwa herufi ya mto, 川 (mto wa maji, si wa kichwani).

Nafasi hiyo inalipiwa kwa jasho. Siku ya jua roshani za maghorofa hujaa futoni zilizoanikwa, maana unyevu wa usiku lazima utoke. Futoni isiyotanduliwa wana jina lake, mannendoko, kitanda cha miaka elfu kumi. Iliyolaliwa mpaka ikawa chapati huitwa senbei-buton, kwa jina la kitafunio chembamba cha mchele. Hiyo ilipelekwa kwa fundi achambue pamba upya, kama tulivyofanya na magodoro ya sufi.

Langu nililikunja kila asubuhi kwa miezi miwili. Kisha Jumapili moja nikaliacha, na Jumatatu pia. Sasa nalala kitandani.