Kupita mbele ya baraza

"Usijali watu" ni ushauri rahisi kuutoa na haumsaidii mtu anayeogopa macho ya watu. Jaribu kupita mbele ya wazee wanaocheza bao barazani Mikindani, Mtwara, bila kuwaamkia, uone kama hawatakujali.

Kinachomtesa mwenye haya za kupitiliza ni mbinu zake za kujificha. Anazunguka uchochoro wa nyuma, au anaweka simu sikioni ilhali hakuna aliyempigia. Anapata nafuu ya dakika mbili, ila hapati nafasi ya kuona kwamba asingedhurika. Kesho yake baraza linatisha zaidi.

Tazama kikombe cha kahawa. Anayeogopa kuonekana anatetemeka hukibana kwa vidole vyote na kukaza kiwiko. Msuli uliokazwa hutetemeka zaidi, kahawa inamwagikia kanzu. Kishike kilegevu. Siku za mwanzo omba nusu kikombe, lakini usizoee, maana nusu kikombe nacho ni kujificha.

Anza na baraza moja, usianze na harusi. Pita asubuhi wakiwa wawili watatu. Kabla ya kufika, toa pumzi polepole: vuta kwa hesabu 4, toa kwa 6. Ukihema kwa nguvu harakaharaka utapata kizunguzungu na ganzi vidoleni, kisha udhani unazimia. Toa shikamoo, ngoja marahaba, endelea. Rudia kila siku hadi hofu unayoipa mwenyewe 8 kwa 10 ishuke kwenye 4, ndipo upite alasiri wamejaa. Baadaye kaa. Macho yafuate kete zinavyoingia mashimoni. Ukijichunguza uso wako ukoje, hofu inapanda.

Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio la wanafunzi waliovalishwa fulana ya kuaibisha. Wanafunzi hao walidhani karibu nusu ya waliokuwa chumbani wangeitambua. Walioitambua ni kama robo. Kweli, mtaani kwetu wanajua hata wewe ni mjukuu wa nani, lakini jasho la kwapani hawalihesabu.

Ukifika miezi sita huendi sokoni wala msibani, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, uulizie huduma ya afya ya akili. Taja mambo yenyewe: moyo kwenda mbio, jasho, kukwepa watu. Ukisema "kichwa kinauma" tu, utarudi na panadol.