Kupanda kwa bei ya RAM si upepo wa kupita

Nimesoma makala inayosema eti bei ya RAM, memori ya kompyuta, imepanda kwa muda tu, viwanda vikiongeza uzalishaji itashuka yenyewe. Mwandishi wake amerahisisha mno. Soko hili limeshikwa hasa na kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na zote zinakimbilia faida nono ya HBM, ile memori inayopachikwa kando ya chipu za AI (akili bandia). Micron wenyewe walishasema HBM hula takriban mara 3 ya nafasi ya kiwanda kuliko DDR5, RAM ya kawaida ya kompyuta, ya ujazo uleule. Sasa hata viwanda vikiongezwa, sisi tutaambulia makombo. Tena Desemba 2025 Micron wakatangaza kuachana na Crucial, chapa yao ya RAM na SSD (diski za kuhifadhi data) za watu wa kawaida. Kampuni inayotarajia bei kushuka karibuni haifanyi hivyo. Mimi ni fundi kompyuta, siku hizi nachomoa RAM kwenye mashine zilizokufa bodi nikazipachike kwingine. Na laptopu nyingi nyembamba RAM imechomelewa kwenye bodi kabisa, ukinunua ya GB 8 ndiyo hiyohiyo hadi ife. Wenzangu mnanunua sasa au mnasubiri?