Plastiki ya hospitali: soko linalotazamwa kutoka upande mmoja

Kazi yangu huku ughaibuni ni kukagua plastiki nyembamba inayotengenezewa mifuko ya dripu, mifuko ya damu na vifuko vya vifaa vilivyotakaswa. Makadirio ya soko yanayopita mezani kwetu husema jambo lile lile: wazee wanaongezeka, upasuaji unaongezeka, vifaa vya kutumia mara moja vinaenea, basi mahitaji yatapanda. Hayo siyabishii. Ninachokipinga ni kwamba nchi kama yetu hutajwa mwishoni, kama soko la plastiki hafifu, ilhali joto la kwetu ndilo linalodai plastiki bora zaidi.

Dawa ya kuuzwa katika nchi zenye hali ya hewa ya wastani hupimwa uimara wake kwa nyuzijoto 25 na unyevu wa asilimia 60. Ya nchi za joto na unyevunyevu mwingi hupimwa kwa nyuzijoto 30 na asilimia 75. Plastiki ya PVC ikiwa tupu katika pakiti za vidonge hupitisha mvuke, kwa hiyo kidonge kinachoharibiwa na unyevu huhitaji PVC iliyopakwa PVDC, plastiki nyingine inayozuia mvuke, au alumini pande zote mbili. Mnunuzi mwenye pesa kidogo ndiye anayelazimika kununua kilicho ghali.

Kifuko kizuri cha vifaa vilivyotakaswa, chenye karatasi upande mmoja na plastiki upande wa pili, ukikifungua, karatasi huachana na plastiki taratibu na kuacha ukingoni mstari mweupe usiokatika, ishara kwamba kilikuwa kimezibwa sawasawa. Nilipokuwa likizo nyumbani nilifungua kimoja cha bandeji katika zahanati, nikaona mstari umekatika mahali pawili. Muuguzi alikitumia, kwa kuwa hakuwa na kingine. Huku, shehena nzima ingerudishwa kwa kasoro hiyo.

Kuna na suala la DEHP, kemikali ya kulainisha plastiki inayotiliwa shaka kiafya, na inayoweza kufikia asilimia 30 hadi 40 ya uzito wa mfuko wa PVC. California imepiga marufuku mifuko ya dripu yenye kemikali hiyo kuanzia 2030, na Umoja wa Ulaya nao unaibana katika vifaa tiba. Mifuko ya damu itachelewa kubadilika, maana DEHP husaidia chembe nyekundu kudumu hadi siku 42. Hofu yangu ni kwamba mifuko ya dripu itakayokataliwa huku itatafutiwa wanunuzi kwetu, na sioni sababu ya sisi kusubiri hadi ifike bandarini ndipo tutunge kanuni.

Septemba 2024 kimbunga Helene kilisababisha mafuriko katika kiwanda cha kampuni ya Baxter huko North Carolina, kilichokuwa kikitoa takribani asilimia 60 ya maji ya dripu ya Marekani, na hospitali za taifa tajiri zikaahirisha upasuaji. Sisi tunaagiza maji hayo kutoka mbali zaidi, nayo ni mzigo mzito, kwani mfuko wa lita moja ni kilo nzima ya maji yanayovushwa baharini. Plastiki yenyewe husafirishwa ikiwa imeviringishwa kwa marobota, tena nyepesi. Kwa maoni yangu, tungeanza kwa kuagiza marobota hayo, tukajaza na kutakasa mifuko nyumbani, chini ya wakaguzi wenye mamlaka ya kurudisha shehena.