Mnalilia Nembo, Fundi Mmemsahau

Tangu wawekezaji wa Uswidi, Altor, wanunue sehemu kubwa ya CCM mwaka 2024, bado nakutana na watu huku Kanada wanaolalama eti roho ya taifa imeuzwa. (Nasema CCM, kampuni ya vifaa vya hoki ya barafu. Watu wa Lumumba tulieni.)

Roho gani? Adidas, Mjerumani, aliimiliki zaidi ya miaka kumi na sikuona matanga.

Na wanaojigamba kwamba CCM ni hoki tangu 1899 nao wapumzike. Mwaka huo ilikuwa ni waunda baiskeli wa Kanada walioungana. Soko la baiskeli likadorora, wakajaribu magari, na 1905 ndipo wakageukia vyuma vya kutelezea barafuni. Njaa ya biashara tu, mapenzi ya mchezo yalikuja baadaye.

Mimi anayeniuma ni George Tackaberry. Huyu alikuwa fundi viatu wa Brandon, kule Manitoba, na mmoja wa wateja wake alikuwa Joe Hall, mchezaji mkorofi kuliko wote wa enzi zake. (Masikini, mafua makali ya 1919 yalimuua Seattle, na fainali za Stanley Cup, kombe kuu la hoki, zikavunjwa bila bingwa.) Hall alilalamika kwamba viatu vyake havimalizi msimu. Fundi akamshonea vya ngozi ya kangaruu, vigumu kisigino na vidoleni, vinavyoshika mguu barabara. Wachezaji wengine wakavitamani. Ikawa chuma cha CCM, kiatu cha Tackaberry. Alipofariki 1937, kampuni ikanunua haki za jina lake, likafupishwa kuwa Tacks, na likauza viatu hadi enzi zetu hizi. Sasa niambie, kati ya hao wanaolia, wangapi wanamjua?

Kampuni yenyewe ilifilisika 1983. Baiskeli zikaenda kwa huyu, hoki kwa yule. Tangu hapo mnashangilia herufi tatu zinazopitishwa mkono kwa mkono.

Haya, nakubali: makao makuu bado yako Montreal, na viatu ni vizuri, siwezi kubisha. Mwanangu anavyo. Mimi ndiye ninayepiga magoti kwenye sakafu ya mpira kumkazia kamba mpaka vidole vinaniwaka, na kisigino chake kikishaingia humo hakichezi hata kidogo. Bei siitaji hapa, mama yake anasoma blogu hii.