Daraja jipya la besi: hoja si uzito, ni bisibisi

Mjadala wa kubadilisha daraja la gitaa la besi, yaani chuma kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa, huishia palepale: sauti. Anayetaka kubadilisha humtaja mpiga besi Marcus Miller na Jazz Bass yake ya Fender ya 1977 yenye daraja zito la Badass. Anayepinga hujibu kwamba utamu ule uko vidoleni, si kwenye chuma. Kwa hilo namuunga mkono. Ila wote wawili wameliruka swali lenyewe: urahisi wa kurekebisha intonesheni, yaani noti kubaki sahihi kadiri unavyopanda shingoni.

Tuanzie 1951. Precision Bass ya kwanza ya Fender ilikuwa na matandiko 2, yaani vipande vya daraja ambavyo nyuzi hulalia, kwa nyuzi 4; E na A zinalalia moja, D na G lingine. Sasa shika bisibisi. Uzi wa E ukiubana freti ya 12, sauti inapanda kuliko hamoniki yake (mlio wa uzi ukiugusa tu hapohapo bila kuubana), basi unarudisha tandiko nyuma hadi tyuna, kipimio cha sauti, itulie. Unaijaribu A: imeshuka. Unasogeza mbele kuiokoa A, E inapanda tena. Mwishowe unachagua uzi upi ukosee kidogo. Fender wenyewe waliliona hilo, na 1957 kila uzi ukapata tandiko lake.

Hapo wapinzani husema kazi ilikwisha. Daraja la kawaida la Fender, bati lile lililokunjwa, likiwa na matandiko manne, huufikisha uzi mahali sahihi sawa na daraja zito la kisasa. Umbali ni umbali. Nakubali. Tena mara nyingi kosa ni nyuzi zilizochoka au zilizoinuliwa mno, na daraja jipya halitibu hayo.

Lakini hesabu mizunguko. Legeza uzi, zungusha skrubu nusu, kaza, rudisha sauti, pima hamoniki, pima freti, rudia. Kwenye daraja kuukuu skrubu imeshika kutu, vijiskrubu vya kimo cha uzi vimelegezwa na mtikisiko, na tandiko linahama pembeni uzi ukilegea, kwa hiyo hata kimo ulichokwisha kupata kinapotea. Kwenye daraja jipya, matandiko yanayokaa kwenye mifereji yake huenda mbele na nyuma tu, basi. Nimeona besi nzuri zikipigwa miaka na miaka na E iliyopotoka, kwa sababu mwenyewe anaogopa kuigusa.

Besi ya zamani inayothaminiwa kwa uasili wake, iache. Kwa nyingine, tafuta daraja linaloingia kwenye matundu yaleyale ya skrubu, usitoboe mbao, na lile la awali lifunge kitambaani ulitie kwenye kasha la gitaa.