Hewa ya Ngamiani Ina Wenyewe

Jamani, mimi sinywi, sivuti, na baraza la kahawa napita kwa salamu tu. Starehe yangu ni moja: natengeneza mabasi madogo. Yale yale mnayopanda kwenda Dar, ila la kwangu lina sentimita 50, kipimo cha 1 kwa 24. Kukata plastiki, kubandika vioo, kuchora nakshi ubavuni, hayo yote hakuna aliyenigombeza. Balaa ni rangi.

Rangi ya basi hupulizwa kwa kompresa. Sasa pulizia thina, ile ya kuzimulia rangi, chumbani kwako Ngamiani hapa Tanga, nyumba ya wapangaji, ukumbi mmoja katikati, uone utakavyoitwa. Ndiyo nikaunda kibanda: boksi la plaiwudi, mdomo sentimita 60 kwa 40, ndani sponji ya kunasa vumbi la rangi, nyuma yake feni, halafu bomba la kutokea dirishani.

Tuanze na feni. Wajuzi wanataka hewa ipite pale mdomoni kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde. Kwa mdomo wangu ni kama mita za ujazo 430 kwa saa. Haya, nenda na hesabu hiyo dukani. "Mita tena, kaka? Hapa tuna za inchi." Inavuta hewa kiasi gani? Muuzaji anaiwasha, anaishikia karatasi mbele: "Si unaona inavyopepea?" Inapepea, sikatai. Lakini ziba mbele kwa sponji, nyuma funga bomba, na hiyo feni ya mapanga itabaki kuzunguka kwa heshima tu, hewa haiendi kokote. Inayotakiwa ni blowa, ile yenye tumbo la mviringo, maana hiyo hata ikibanwa inasukuma.

Fundi umeme akasema tusihangaike, akaja na mota kuukuu ya kaboni. "Hii ina nguvu, bosi." Nguvu inayo, na cheche pia inazo, unaziona za bluu pale kaboni inaposugua. Mvuke wote wa thina upite hapo? "Cheche zenyewe ndogo." Thina haiulizi ukubwa wa cheche, fundi!

Mwenye nyumba naye kakataa katakata nisitoboe ukuta wake. Basi bomba likazunguka kabati, likapinda kwenye kitanda, likapinda tena kufuata dirisha, na kila kona inakula nguvu ya feni. Dirisha lenyewe linatazama kusini. Mliokulia pwani mmeshaanza kucheka. Kusi, ule upepo wa kusini, likishika, harufu ninayoitoa kwa umeme wa kulipia linanirudishia bure. Nikaligeuzia bomba kichochoroni. Jirani yangu muuza maandazi kaja, salamu zote za Kitanga, kauliza watoto, kauliza kazi, kauliza hadi mgongo wangu, ndipo akashusha pumzi: "Sisemi kitu mwanangu, ila wateja wanasema maandazi yananukia gereji."

Kuna na wanaonishauri nifunge mlango na madirisha, eti vumbi lisitue kwenye rangi mbichi. Feni haiumbi hewa, jamani. Ikitoka hii, nyingine lazima iingie, na ukiziba kote itaingilia chini ya mlango. Nje ya mlango wangu ni ukumbi, na mwisho wa ukumbi ni choo. Hapo sielezi zaidi. Siku za Ijumaa huingia udi wa mama watoto pamoja na majivu yake, na basi jeupe linatoka limefukizwa tayari kwa harusi.

Masika ndiyo usiguse kabisa. Thina ikiruka upesi inaipoza rangi, unyevu wa Tanga unatua juu yake, na nyeusi yako inashika ukungu mweupe.

"Vaa barakoa," wananiambia, huku wakinyoosha kile kitambaa cha enzi za korona. Kitambaa kinazuia vumbi. Mvuke wa thina unakipita na kukisalimia. Ya kufaa ni ile ya mpira yenye makopo ya mkaa pembeni. Ninayo. Nikichungulia nayo dirishani, watoto wa mtaa hawaonekani mpaka magharibi.

Hatimaye blowa imepatikana, mota yake imekaa nje ya njia ya mvuke, na dirisha la pili nimeliacha wazi la kuingizia hewa. Nikachoma ubani mbele ya kibanda kujaribu: moshi wote ukalala, ukaingia ndani, usibaki hata uzi. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni anatazama, hakusema neno.

Kesho yake natoka kazini, nakuta jiko la mkaa mdomoni pa kibanda changu, samaki wa kupaka juu, ukumbi mzima hauna moshi, na wapangaji wanamsifu yeye. Nikamwambia, mama, hapo kuna thina, na hilo bomba limejaa vumbi la rangi, tutalipuka! Akageuza samaki taratibu.

"Thina ihamishie uani. Na hiyo feni ipunguze, mkaa unakwisha upesi."