Buckeye: kiu ya nyumba na kiu ya shamba

Mwaka 2000 Buckeye, magharibi mwa Phoenix katika jimbo la Arizona, ilikuwa na watu 6,537. Sensa ya 2020 ilihesabu 91,502. Wengi huona ni wazimu kujenga kwa kasi hiyo jangwani, penye mvua haba na ambapo kiangazi cha 2023 kilileta siku 31 mfululizo za joto la nyuzi 43 na zaidi. Hofu hiyo ina msingi, ila mara nyingi humlaumu asiye mnywaji mkubwa.

Chukua ekari moja ya alfalfa, majani ya kulishia ng'ombe. Kwa mwaka hunywa takriban mita za ujazo 7,000. Ekari hiyohiyo ikijengwa nyumba nne, kila moja ikitumia mita 400 hivi, matumizi hayafiki robo. Tena maji ya jikoni, bafuni na chooni hayaishii hapo: husafishwa kwenye mtambo wa majitaka, yakatumika upya au kurudishwa ardhini. Yanayopotea ni ya nje, na katika makazi ya Arizona hayo yanaweza kufika asilimia 70 ya maji yote.

Kwa hiyo vita iko uani. Bwawa la kuogelea lisilofunikwa hupoteza kwa mvuke kina cha karibu mita 1.8 kwa mwaka. Umwagiliaji wa matone nao huharibika kimyakimya: chokaa huziba vitundu, mti mmoja hunyauka, mwenye nyumba huongeza dakika kwenye saa ya umwagiliaji, mimea mingine yote inazidishiwa maji na ule mmoja unazidi kukauka. Dawa ni kufungua mwisho wa bomba na kulisuuza, kubadilisha vitundu vilivyoziba, na mti unapokua kuvisogeza mbali na shina hadi ukingo wa matawi, iliko mizizi inayonyonya. Muhimu kuliko yote, ratiba ya Julai isiachwe mpaka Desemba.

Wanaopinga ujenzi wana hoja moja nzito. Mwaka wa ukame mkulima anaweza kuacha kupanda. Nyumba yenye watu huwezi kuizimia bomba. Na miradi mikubwa ya kaskazini mwa Buckeye inajengwa juu ya jangwa tupu, hakuna shamba lililoipisha. Juni 2023, baada ya makadirio kuonyesha upungufu wa asilimia 4 ya mahitaji ya maji ya ardhini kwa miaka 100 ijayo katika eneo la Phoenix, Gavana Katie Hobbs alitangaza kwamba miradi mipya inayotegemea maji hayo pekee haitaidhinishwa. Iliyokwisha kuidhinishwa iliendelea. Sheria ya 2025 inayomruhusu mkulima kuachia haki yake ya maji ili nyumba zijengwe inafuata hesabu ileile ya alfalfa, na ni hatua njema.

Kinachotisha ni mwanya. Sharti la jimbo kwamba mjenzi athibitishe kuwa na maji ya kutosha miaka 100 linabana ardhi iliyogawanywa viwanja sita au zaidi. Anayegawa vitano hapati swali, wala anayejenga nyumba za kupangisha juu ya kiwanja kimoja, ingawa wote wanavuta maji ya ardhi ileile. Rio Verde Foothills, upande wa pili wa Phoenix, ilikua kwa viwanja vya namna hiyo, na mamia ya nyumba zake zikategemea maji ya malori. Tarehe 1 Januari 2023 jiji jirani la Scottsdale lilizuia malori hayo kujaza kwenye kituo chake. Yakalazimika kwenda mbali zaidi, na bei ya maji ikapanda.